Mgeni asingoje mlangoni: seva za gemu ndani ya mashine pepe

Tuseme una chumba cha gemu hapa Kibuli, Kampala, chini ya msikiti, upande wa kuteremkia Namuwongo. Ulianza na kompyuta moja ya kuendeshea seva ya Counter-Strike 1.6 kwa vijana wa mtaa. Mwaka uliofuata wakaja wa Minecraft, nao wakataka dunia yao. Kisha mteja mmoja akaomba seva ya peke yake, yenye nywila yake. Leo una kompyuta tatu chini ya meza, feni zinavuma, uniti za umeme wa Yaka zinayeyuka, na kila moja inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Rafiki anakwambia: nunua mashine moja nzuri, uigawe ziwe tatu ndani yake. Mwingine anakuonya: thubutu, pingi itapanda na wateja watakuhama.

Wa kwanza ndiye aliye sahihi, ila wa pili ameona kitu cha kweli. Mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli, huongeza kuchelewa kidogo sana. Ukiipangilia vizuri, kila pakiti huchelewa kwa makumi tu ya maikrosekunde, na milisekunde moja ina maikrosekunde 1,000. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuhisi hilo. Kinachoharibu mchezo ni foleni: pakiti imefika, imekuta mwenye kuipokea yuko kazini kwingine, ikasubiri. Ikisubiri milisekunde 30 leo, mbili kesho na 60 keshokutwa, mchezaji anamwona adui akiruka kutoka mlangoni hadi dirishani bila kupita katikati. Kwa hiyo kazi yako ni moja, kusaka foleni. Kompyuta ya kweli tutaiita mwenyeji, na ile ya ndani tutaiita mgeni.

Hesabu kabla ya pesa

Seva ya gemu huihesabu upya dunia yake mara kadhaa kila sekunde, na kila hesabu huitwa tiki. Minecraft hupiga tiki 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila tiki ina nafasi ya milisekunde 50. Seva za Counter-Strike: Global Offensive ziliendeshwa kwa tiki 64 au 128, nafasi ya milisekunde 15.6 au 7.8 tu. Sasa piga hesabu. Wachezaji 20, tiki 64: seva inatoa pakiti 1,280 kwa sekunde na kupokea kama hizo. Pakiti moja ikiwa na baiti 128, unapata megabiti 1.3 kwa sekunde kila upande. Kadi ya kawaida ya gigabiti 1 haitajua hata kama imeamshwa.

Nimeona watu wakinunua kadi ya gigabiti 10 ili kutibu lagi. Ni sawa na kupanua barabara ili boda moja ipite. Pakiti za gemu ni ndogo na ni nyingi, na kila moja ina saa yake ya kufika. Upana wa njia si shida yake.

Mashine yenyewe uichague kwa kasi ya kiini kimoja, si kwa wingi wa viini. Mzunguko mkuu wa Minecraft hukimbia kwenye kiini kimoja, na seva za zamani za Counter-Strike ni hivyohivyo. Katika maduka ya kompyuta zilizotumika katikati ya jiji utaonyeshwa seva kubwa ya ofisini, viini 16, sura ya kutisha, bei ya kuvutia. Soma kasi yake kabla ya kutoa hela. Ikiwa ni gigahezi 2 na kidogo, kompyuta ya mezani yenye viini sita vya gigahezi 4 itaishinda kwa kazi hii, itakula umeme kidogo, na haitapiga kelele kama ndege inayotua Entebbe. Ingia kwenye BIOS uhakikishe uwezo wa mashine pepe umewashwa. Nyingi huja ukiwa umezimwa.

Pima kabla hujagusa

Usihamishe chochote kabla ya kupima hali ya sasa. Keti kwenye kompyuta ya mchezaji yenye Linux, iliyounganishwa kwa waya, uiambie ipige pingi seva mara tano kwa sekunde kwa dakika kumi: `ping -i 0.2 -c 3000`, kisha anwani. Mwishoni itakuja mistari ya muhtasari, na katika mstari wa mwisho kuna namba nne: ya chini, ya wastani, ya juu, na ya nne iliyoandikwa `mdev`. Watu wote huangalia wastani. Wewe angalia mbili za mwisho. Hiyo `mdev` ndiyo kuyumba kwa pingi. Ndani ya chumba kimoja kwa waya, wastani wa milisekunde 0.3 wenye kilele cha 0.9 ni afya. Wastani huohuo wenye kilele cha 41 ni ugonjwa, hata kama kilele kimetokea mara sita tu.

Kisha igiza mchezo wenyewe. Programu ya `iperf3` inaweza kurusha pakiti ndogo za UDP kama za gemu: `iperf3 -c anwani -u -l 128 -b 1.3M -t 600`. Itakupa kuyumba na idadi ya pakiti zilizopotea. Andika namba hizo kwenye daftari, la karatasi. Ukihamia kwenye mashine pepe rudia vipimo vilevile, mara ya kwanza mgeni akiwa peke yake, mara ya pili mgeni jirani akiwa na kazi nzito. Kipimo hicho cha pili ndicho kitakachokuambia ukweli, kwa sababu mgeni akiwa peke yake nyumbani hakosi adabu.

Kadi ya mtandao ya mgeni

Kwa mwenyeji napendekeza Proxmox. Ni ya bure, imejengwa juu ya KVM iliyomo ndani ya Linux tangu 2007, na unaisimamia kwa kivinjari. Unapomwumbia mgeni kadi ya mtandao, utaulizwa aina yake. Hapa ndipo wengi huharibu.

Aina ya E1000 ni maigizo. Mwenyeji anajifanya kadi ya zamani ya Intel, na mgeni anaamini anaongea na chuma cha kweli. Kila anapogusa kitufe cha kadi hiyo ya uongo, prosesa inamwacha, inarudi kwa mwenyeji kuigiza jibu, kisha inamrudia. Kwa pakiti maelfu kila sekunde, hayo ni maelfu ya safari za bure. Aina ya VirtIO haiigizi. Mgeni anajua ni mgeni, anaziweka pakiti kwenye kumbukumbu wanayochangia yeye na mwenyeji, anagonga mara moja, basi. Chagua VirtIO. Linux ina dereva yake tayari. Windows utaipakia mwenyewe, na ni uvivu wa dakika hizo tano unaowafanya watu wabaki na E1000 miaka miwili.

Kuna njia ya tatu, kumkabidhi mgeni kipande cha kadi ya kweli, ili pakiti zimfikie bila kupitia kwa mwenyeji. Kadi kama Intel I350 zinaweza kujigawa hivyo. Inafanya kazi, na kwa benki au kampuni ya simu ina maana. Kwa wachezaji 60 wa Kibuli ni mbwembwe: unaokoa maikrosekunde chache, unapoteza urahisi wa kumhamisha mgeni na kumwekea ukuta wa moto kwa mwenyeji.

Foleni ya prosesa

Sasa tufike kwenye mzizi. Pakiti imeingia, VirtIO imeipokea, imemgongea mgeni. Mgeni hayuko. Kiini chake kimepewa mgeni mwingine anayefunga faili kubwa la zip. Pakiti inangoja zamu, na zamu hiyo inaweza kuchukua milisekunde kadhaa. Wenye seva huliita tatizo la mtandao, hupiga simu kwa mtoa huduma wao na kumgombeza bure.

Dalili yake inaonekana wazi. Ndani ya mgeni andika `top`, uangalie mstari wa tatu, wenye asilimia za prosesa. Mwishoni kabisa kuna herufi mbili, `st`. Hizo ni asilimia za muda ambao mgeni alitaka kufanya kazi, mwenyeji akamnyima. Kwa seva ya gemu nataka kuona 0.0. Ikikaa kwenye 2 au 3 wakati wa jioni, umeuza viini visivyokuwepo.

Kuuza viini visivyokuwepo si dhambi kwa tovuti au barua pepe, wanafanya wote. Kwa gemu usifanye. Mwenye viini sita agawe vinne, abakize viwili kwa mwenyeji. Utaona kama ni ubadhirifu, lakini kumbuka kwamba anayebeba pakiti za VirtIO ni mwenyeji, kwa uzi wa kazi unaoitwa vhost, nao unahitaji mahali pa kukimbilia. Ukigawa vyote, mbebaji mwenyewe anapanga foleni.

Kisha mfungie kila mgeni viini vyake, asihamehame. Proxmox ina kisanduku cha hilo kwenye mipangilio ya prosesa. Ukiwa na prosesa ambayo kila kiini kina nyuzi mbili, usimpe mgeni wa Minecraft uzi mmoja na wa Counter-Strike uzi wa pili wa kiini hichohicho. Watabanana kama abiria wawili kwenye kiti kimoja cha teksi. Mpe mmoja kiini kizima na nyuzi zake zote mbili. Aina ya prosesa iandike `host`, ili mgeni auone uwezo wote wa chuma. Na mwenyeji umweke kwenye hali ya `performance`, ili viini visipunguze kasi kati ya tiki na tiki. Umeme utaongezeka kidogo. Nimekubali gharama hiyo.

Kuhusu kumbukumbu sina mengi. Mpe mgeni kiasi kamili, zima mpango wa kumpunguzia na kumrudishia, na mwenyeji asifike mahali pa kutumia diski kama kumbukumbu. Akifika hapo, mambo mengine yote niliyoandika hayatakusaidia.

Mgeni au kontena

Kama seva zote ni zako mwenyewe, fikiria kontena za LXC badala ya mashine pepe kamili. Proxmox inazo zote mbili. Kontena haina kerneli yake, inatumia ya mwenyeji, kwa hiyo hakuna kadi ya kuigiza wala mlango wa kubisha. Ni nyepesi, inawaka kwa sekunde chache. Kwa mteja anayetaka nywila ya juu kabisa mpe mashine pepe, kwa sababu kerneli moja ya kuchangia na mtu usiyemjua ni kama kuchangia mswaki. Wanaotumia Docker, au jopo la Pterodactyl linaloiendesha Docker kwa ndani, wafahamu kwamba kila mlango unaofunguliwa kwa kawaida hupitia tafsiri ya anwani (NAT). Kwa seva moja yenye shughuli nyingi, `--network host` huondoa hatua hiyo.

Kwa mtandao wa wageni tumia daraja, ile `vmbr0` ya Proxmox, kila mgeni apate anwani yake kwenye mtandao wa chumba. Usimfiche mgeni nyuma ya tafsiri ya anwani ya mwenyeji, halafu mwenyeji nyuma ya ile ya ruta. Tafsiri ifanyike mara moja tu, kwenye ruta: mlango 27015 wa UDP uende kwa Counter-Strike ya kwanza, 27016 kwa ya pili, 25565 wa TCP kwa Minecraft. Hilo lataka anwani moja ya umma isiyobadilika, uiombe kwa mtoa huduma wako. Laini ya simu haitakupa. Huko maelfu mnachangia anwani moja.

Foleni kubwa iko kwenye ruta

Mwaka jana nilikaa usiku mbili nikipekua mipangilio ya prosesa kwa sababu ya lagi iliyokuja kila jioni saa mbili. Namba za ndani zilikuwa safi: `st` sifuri, pingi ya chumbani imetulia. Mwishowe nikaikuta simu ya mtu, juu ya chaja, ikipandisha picha zote za harusi mawinguni.

Hesabu yake ni hii. Ruta nyingi hujaza pakiti kwenye foleni badala ya kuzikataa. Megabaiti 1 ikikaa kwenye foleni na njia yako ya kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde, pakiti ya gemu iliyofika nyuma yake itangoja sekunde 0.8. Hakuna mashine pepe duniani inayokuchelewesha hivyo. Dawa ni kuweka foleni yenye akili, CAKE au fq_codel. Ukiwa na MikroTik yenye RouterOS 7, zote zimo. Ziambie kasi yako ni asilimia 85 hadi 90 ya unayoipata kweli, ili foleni ikae kwako unapoitawala, isikae kwa mtoa huduma.

Nje ya ruta kuna jambo la mwisho la mtandao, nalo ni njia. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Johannesburg iko karibu kilomita 3,000 kutoka hapa. Hata waya ukinyooka kama rula, pingi haishuki chini ya 30. Hiyo ndiyo faida yako, na ndiyo sababu kijana wa Kabalagala atalipia seva ya Kibuli. Lakini faida hiyo ipo tu ikiwa pakiti haitoki Kampala. Mji huu una kituo chake cha watoa huduma kubadilishana data, UIXP, tangu 2001. Mtoa huduma wako na wa mchezaji wakikutana hapo, mambo ni mazuri. Wasipokutana, pakiti ya kutoka Kibuli kwenda Ntinda inaweza kuzunguka nchi nyingine ndipo irudi. Mwombe mchezaji mmoja wa kila mtandao wa simu akuendeshee `traceroute`, na uitumie picha hiyo unapochagua wa kumlipa. Ukikua kupita chumba, kituo cha data cha Raxio kule Namanve kinapangisha nafasi tangu 2021.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea. Mchezo kati ya Kampala na Kampala hauzihitaji nyaya hizo. Ila usijisifu sana kwa wateja: Minecraft humthibitisha mchezaji kwa seva za Microsoft anapoingia, kwa hiyo siku kama hiyo waliomo ndani wataendelea, na wanaobisha hodi wanaweza kubaki nje.

Umeme na bekapu

Umeme ukikatika na kurudi, wageni wote huamka kwa pamoja, wanagombania diski, na mchezo unasuasua dakika kumi. Kwenye Proxmox panga nani aamke kwanza, na uweke sekunde 60 kati ya mmoja na mwingine. UPS iwe ya mashine, swichi na ruta. Wengi huisahau swichi.

Bekapu ndiyo adui asiyeshukiwa. Proxmox inapomnakili mgeni aliye kazini, kila akitaka kuandika juu ya kipande cha diski ambacho hakijanakiliwa, hungojeshwa hadi kinakiliwe. Ukiwa unanakili kwenda diski ya USB ya polepole, dunia ya Minecraft inasimama wakati inajihifadhi, na wachezaji wanalaumu mtandao. Tangu toleo 8.2 kuna mpangilio uitwao fleecing, unaoelekeza vipande hivyo kwenye diski ya ndani ya kasi kwanza. Uwashe.

Na chagua saa. Mimi niliweka saa tisa usiku, nikijua chumba kitupu na mtaa umelala. Ilienda vizuri miezi yote, mpaka Ramadhani. Kibuli mwezi huo vijana hucheza baada ya tarawehe hadi daku, na saa tisa usiku ndiyo wakati seva imejaa kuliko wakati wowote wa mwaka. Sasa mwezi huo bekapu yangu inaanza saa nne asubuhi. Nusu ya wachezaji wako darasani, waliobaki wamelala.